Mwaka wa Mafuta Machache

Neno lenyewe nililisikia jikoni, nimeinama juu ya sufuria la pilau lenye ukubwa wa kumkogesha mtoto. Ilikuwa hitima ya Mzee Hamadi, kwao Mkongani, na sisi wanawake tulikuwa uani tangu alfajiri, macho mekundu kwa kilio na kwa moshi wa kuni, hata hujui kipi ni kipi. Kupitia mlango wa ua niliwaona wanaume wameketi majamvini, na kati yao alikuwapo mtu mmoja mrefu, kichwa kimejaa mvi, amevaa kofia ya kuazima iliyomkaa upande. Nilimjua papo hapo. Alikuwa Mutisya, dereva, Mkamba wa Makueni, mtu wa kanisani kila Jumapili. Sikuwa nimemtia machoni kwa miaka, naye alikuja kumkumbuka rafiki kwa kisomo asichokijua, anainua mikono wenzake wanapoinua. Moyo wangu ulifurahi, msiba au si msiba. Ndipo mwanamke aliyekuwa akikata vitunguu vya kachumbari karibu nami, mdogo kwangu kwa umri, alipomwegemea mwenzake na kunong'ona kwa ule mnong'ono wa jikoni ambao haufichi kitu: "Yule si ndiye dereva aliyekuwa akimwibia Bi Zuhura mafuta?" Mwenzake akajibu, "Ndiye. Na uso wa kuja anao."

Mimi ni mtu wa hasira, hilo sijapata kulificha. Mume wangu husema nilipoumbwa pilipili ilizidi udongo. Niliuweka mwiko chini nikawaambia, "Hakuiba. Nilikuwapo, nyinyi hamkuwapo." Walinitazama kama watu waliomkanyaga paka gizani, wakarudi kwenye vitunguu vyao, na mimi nikarudi kwenye pilau, lakini ladha ya siku ilikuwa imekwisha. Miaka yote hiyo, na jambo lile limesafishwa hadharani, mchana kweupe, mbele ya watu wazima, bado kuna mtu Mkongani anayelibeba upande mmoja tu. Uvumi hupanda bodaboda, ukweli huja kwa miguu. Basi nimeamua kuuandika mwaka ule kama ulivyokuwa, na atakayetaka kubisha anifuate Ukunda, gereji bado ipo.

Sitasimulia nilivyozaliwa wala aliyenisomesha. Hayo ni ya nyumbani. Nianze na chumba. Gereji ya Mzee Hamadi ilikuwa nyuma kidogo ya barabara iendayo Diani, na ofisi yake ilikuwa ukuta mmoja wa mawe na kuta tatu za mabati, joto lake kiangazi ukiingia na yai bichi ulitoka nalo limeiva. Mlikuwa na meza, feni iliyogeuka upande mmoja tu na kumpuliza Mzee peke yake, na kabati la mbao lenye vitu viwili vya thamani: msahafu juu, na chini yake, imefungwa kwa kikoi kikuukuu, ile mashine. Ilikuwa ndogo, unaishika kwa mikono miwili, ina kioo na waya mnene. Mzee aliinunua Mombasa kwa fundi aliyekuwa akihama, na katika magereji ya jirani hakuna aliyekuwa nayo. Waya ule unauchomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, unawasha gari, na mashine inazungumza na kompyuta ya gari, kisha inakuandikia kwa Kizungu gari linalalamikia nini. Mimi nilikuwa fundi pale kwa miaka minne, fundi wa kike peke yangu, na watu waliokuja na magari bado walipita mbele yangu wakiuliza fundi yuko wapi. Nilikuwa nikiwajibu, "Ametoka, nimebaki mimi niliyemfundisha." Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Mashine ile haikukaa wiki mbili bila kupewa jina. Waliiita ramli. Kwetu mtu akipatwa na jambo asilolielewa, kuna wanaokwenda kupigiwa bao, na mpiga bao kazi yake ni moja: kukutajia nani. Watu hawamlipi awaeleze kilichotokea, wanamlipa awape jina. Basi na magari yakaja hivyo hivyo. "Mzee, hebu nipigie ramli, gari langu limelogwa na nini?" Naye Mzee, Mungu amrehemu, alikuwa mcha Mungu wa kweli na uganga aliuchukia, lakini jina lile lilimkuna. Alifungua kikoi taratibu, akasema bismillahi, akachomeka waya, akanyamaza, kila mtu akanyamaza, kisha akasoma kwa sauti na kutafsiri. Mashine ikitaja kidude fulani, kidude kinang'olewa na kununuliwa kipya. Saa nyingine gari lilipona. Saa nyingine lilirudi baada ya siku chache na taa ile ile ya njano ya onyo la injini imewaka mbele ya usukani. Mchana, tukila sima ya muhogo na mchuzi wa papa juu ya kreti lililopinduliwa, nilimwambia, "Mzee, hii mashine haisemi mwizi ni nani. Inasema nani amepiga kelele." Akanimegea tonge akaniambia kula, wewe una maneno mengi kuliko kompyuta.

Bi Zuhura alikuwa na vani nyeupe ya kupeleka samaki na mboga kwenye mahoteli ya Diani. Alitoka mapema Msambweni, kila kitu chake safi, buibui limepigwa pasi hata likawa na mikunjo kama karatasi, na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema samahani. Watoto wa mtaani kwake walisema neno hilo alizaliwa bila. Mutisya alikuwa dereva wake kwa miaka mingi. Mwaka ule vani ikaanza kunywa petroli. Safari iliyokuwa ikienda na kurudi kwa tangi lile lile, sasa haikufika mwisho, na ikisimama tu injini inatetemeka. Asubuhi moja Bi Zuhura akaileta kwa Mzee apige ramli. Mutisya aliliacha gari akaenda kibanda cha chai mbele ya gereji, ambapo madereva wote wa upande ule walikuwa wakila mahamri na mbaazi. Mzee akafungua kikoi, akachomeka, akasoma. Akatafsiri kwa maneno mawili, kwa ile sauti yake ya hukumu: "Mafuta machache."

Niyaeleze maneno haya sasa, kwa sababu mtu aliharibikiwa kwayo. Ndani ya injini petroli huchanganywa na hewa, na mashine ilikuwa ikisema mchanganyiko umekuwa mwepesi. Ni kama chai nyepesi. Ukipewa chai nyepesi huwezi kujua kwa kuonja tu kama majani ni machache au maji ni mengi. Mzee alisema majani. Hakuwa na nia mbaya, Kizungu cha mle ndani kilikuwa kigumu kwetu sote, na maneno mawili ya Kiswahili yalimtosha. Lakini Bi Zuhura hakusikia habari za mchanganyiko wala injini. Alisikia tangi. Alisikia dereva, mpira wa kunyonyea na dumu. Alitengeneza mtandio wake, akatoka ofisini bila kuaga, akavuka hadi kibandani, nami nikamfuata mikono imejaa grisi kwa sababu nilimwona uso.

Alisema, na kibanda kizima kikasikia, "Mutisya, nilikuwa nikikushuku moyoni nikimwogopa Mungu. Leo hata mashine imekuona. Mafuta machache. Lete funguo." Mutisya alisimama, nusu ya hamri bado mkononi. "Mama, mafuta gani?" akauliza. "Mimi sijagusa mafuta yako." "Basi mashine ni mwongo na Mzee Hamadi ni mwongo," alisema Bi Zuhura. Mzee Hamadi pale Ukunda hakuna aliyepata kumwita mwongo. Mutisya akazitoa funguo akaziweka mezani. Dereva mmoja akasema chini kwa chini, "Aisee, ramli imempata." Na hilo ndilo lililosafiri.

Nilirudi ofisini nimepandwa na hasira. Nilimwambia Mzee kwamba mashine haikusema mtu ameiba, na yeye akaniambia kwamba hata yeye hakusema hivyo, amesoma tu kilichoandikwa. "Basi nenda ukamwambie Bi Zuhura hivyo," nikasema. Hakwenda. Ninamwelewa leo kuliko nilivyomwelewa siku ile. Alikuwa ameinua jina la gereji yake kwa mashine hiyo, na kukiri mbele ya watu kwamba ameisoma vibaya kungekuwa kulishusha jina hilo. Akafanya alichoweza: akabonyeza mashineni pale pa kufuta kosa, taa ya njano ikazimika, akamkabidhi Bi Zuhura gari. Jioni hiyo, nikiosha mikono kwa mafuta ya taa nyuma ya mabati, nilimsikia akiswali, na baada ya salamu akaomba dua ndefu kuliko desturi yake.

Vani akapewa mpwa wa Bi Zuhura aiendeshe, kijana wa damu yake mwenyewe. Haikumaliza wiki, taa ikawaka tena, na petroli ikaendelea kupotea vile vile. Mtu mwingine angejiuliza. Bi Zuhura alisema, "Basi huyu naye amefundishwa." Nilipolisikia hilo nilicheka kwa hasira, kisha nikavaa viatu nikaenda Bongwe kumtafuta Mutisya.

Alikuwa amepanga chumba kimoja na mkewe. Kitanda, pazia la maua, jiko la mafuta ya taa, na shati lake la kazi limepigwa pasi limetundikwa msumarini kama mtu anayesubiri kuitwa. Mkewe alinipakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, nikala na nikaomba tena, nao wakafurahi kuona mtu wa pwani anaomba tena. Alikuwa ameanza kufunga vyombo. Alitaka warudi kwao. Mutisya hakutaka. "Dada Meju, nimezunguka hoteli zote," alisema. "Hapo kwa geti ya mwisho askari ananiuliza, wewe si ni ule wa mafuta? Hata jina yangu hajui. Anajua tu mafuta." Alikuwa akizungumza polepole, anaangalia mikono yake. "Hiyo mashine yenu imeniweka ndani, na hakuna mahali ya kukata rufani." Nikamwambia mashine haijamshitaki, ni sisi tulioisikia vibaya. Akauliza kama naweza kuonyesha. Nikasema naweza, ingawa wakati ule sikuwa najua nitaonyesha nini. Nilijua tu kwamba sitakubali.

Siku zilizofuata nilikisoma kitabu cha maelekezo kilichokuja na mashine wakati wa chakula, kamusi upande mmoja, samaki upande wa pili, na kurasa zikanuka papa. Kumbe ile orodha ya lawama Mzee aliyokuwa akiisoma ilikuwa mlango tu. Ukiingia ndani zaidi, mashine inakuonyesha namba zinazotembea, gari likiwa linanguruma, na moja ya namba hizo husema kompyuta inaongeza petroli kiasi gani ili kufidia. Nikakaa juu ya kreti nikawaza kama mpishi. Ikiwa petroli haifiki, pampu imechoka au tangi limeibiwa, basi ukikanyaga mafuta upungufu utazidi, maana injini inataka zaidi. Lakini ikiwa hewa ya wizi inaingia mahali, tundu ni lile lile dogo. Injini ikiwa imetulia tundu hilo ni jambo kubwa, ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na tundu halina maana tena. Nilimweleza Mzee. Alisikiliza hadi mwisho, mchuzi ukapoa. Akasema, "Hewa ya wizi." Akarudia, "Subhanallah, hewa ya wizi," akainuka akanawa mikono.

Bi Zuhura hakulileta gari kwa ajili ya Mutisya, nisije nikamsingizia wema. Lilimzimikia njiani na samaki ndani, jua kali, na hoteli ikamrudishia samaki. Alifika gerejini amekunja uso. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Zuhura." "Marahaba," akajibu, akanipita na kumtazama Mzee. Mzee akasema, "Leo fundi ni Mejumaa." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo mbele ya mteja, na nilifanya kama sikusikia, nikaenda kuitoa mashine kabatini.

Nilichomeka waya. Gari likiwa limetulia, namba ilikuwa juu sana, kompyuta inaongeza petroli kama mama anayeongeza chumvi mchuzi usiokolea. Nikamwambia Mzee akanyage. Namba ikashuka. Akaachia, ikapanda. "Umeona?" nikamwuliza Bi Zuhura. "Naona namba," alisema. Alikuwa na haki. Namba hazimshawishi mtu aliyekwisha kuamua. Nikakagua kwanza kwamba hakuna petroli inayovuja popote, nikaweka ndoo ya mchanga miguuni, kisha nikachukua kijiti cha udi kutoka duka la jirani nikakiwasha.

"Astaghfirullah," alisema Bi Zuhura akarudi nyuma. "Sasa mwanifukizia gari? Mimi uganga siutaki." Madereva wa kibandani walikuwa wamekwisha kusogea, vikombe mkononi, na mmoja akasema sasa ramli imekuwa ramli kweli. Mzee Hamadi akamwuliza, "Bi Zuhura, kwako hakuchomwi udi?" "Huchomwa kwa harufu." "Basi sisi twauchoma kwa moshi. Tazama."

Nikaupitisha moshi taratibu kando ya ule mpira mnene unaopeleka hewa injini. Juu, moshi ukapanda wima. Pembeni, ukapanda wima. Nikainama nikaupeleka chini, nyuma, mahali ambapo jicho halifiki, na hapo moshi ukakunja shingo ukaingia wote ndani ya mpira, hata harufu haikubaki. Nikamwita Bi Zuhura. Hakutaka kuja, nikasema, "Njoo, Bi, uone kwa mkono wako." Nikaushika mkono wake, wenye hina mpya ya arusi ya binamu yake, nikaupeleka chini ya mpira na kumwambia aweke kidole pale na akaze. Injini iliyokuwa ikitetemeka ikatulia. Sote tuliisikia. Akaondoa kidole, ikaanza tena. Akakirudisha mwenyewe, bila kuambiwa, ikatulia. Alifanya hivyo mara ya tatu, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Ni mpira," alisema. "Ni mpira, umepasuka," nikasema. "Hewa inaingia, kompyuta inaongeza petroli kuifukuza. Ndiyo maana gari linakunywa. Hakuna mtu aliyegusa tangi lako." Akaifuta grisi kwa kitambaa changu, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema, "Basi mwambieni arudi kazini kesho."

Nilikwenda Bongwe kwa mwendo wa karibu kukimbia. Mkewe alipiga kigelegele. Mutisya alitabasamu, lakini akatikisa kichwa. "Alinifukuza kwa watu," alisema. "Aniite kwa watu." Nilipolifikisha hilo kwa Bi Zuhura pale gerejini, alipaza sauti: yeye akasimame kibandani kumwomba radhi dereva, mbele ya wanywa chai? Nilifungua kinywa kumjibu, na lingetoka jibu la pilipili, lakini Mzee Hamadi alinitangulia. "Neno 'machache' lilitoka kinywani mwangu," alisema. "Nitaanza mimi. Na mwenye kutaka radhi kwa mja hakupungukiwa, Bi Zuhura. Ukija, njoo. Usipokuja, nitalisema lako na langu." Sijui alilala vipi mwanamke yule. Asubuhi alikuja.

Kibanda kilijaa kama siku ya kwanza, Mutisya ameketi na chai yake, mahamri yale yale, kelele zile zile, mpaka Mzee aliposimama zikakatika. Alisema mashine haikumtaja mtu, ni yeye aliyeisoma kombo, na anamtaka radhi Mutisya mwana wa watu. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote nilizokula naye. Kisha Bi Zuhura akasimama, mrefu ndani ya buibui lake la pasi. Alisema, "Mimi nilisema hapa kwamba Mutisya ameniibia mafuta. Hakuniibia. Ulikuwa mpira umepasuka." Akatengeneza mtandio wake, tukadhani amemaliza. "Samahani, Mutisya," akasema, na mwenye kibanda akasahau mahamri ndani ya mafuta. Akatoa funguo mkobani akazinyoosha.

Mutisya aliinuka akazipokea kwa mikono miwili, kama wafanyavyo kwao kwa mtu mzima. Alizitazama. Nilidhani atalia, mimi nilikuwa tayari nalia na sikujali nani anaona. Kisha akaziweka taratibu mezani mbele ya Bi Zuhura.

"Asante, mama," alisema. "Mwizi hufukuzwa. Mimi sasa naacha kazi."

Akakaa chini akamaliza chai yake kwanza, hana haraka, na madereva wote wakasogea kumpa nafasi.